Visanduku vya Mama Mkwe

Paulina hakuvuka kizingiti cha nyumba ya binti yake, pale Area D, Dodoma mjini, hata siku moja kabla ya kuangalia viatu. Akiviona viatu vyeusi vya mkwe wake barazani, anageuza njia na kwenda kukaa kwa jirani, Mama Joha, anapewa chai na kashata, mpaka mwenye viatu aende zake kazini. Ndipo anaingia.

Kwa Wagogo wa kwao Makutupora, mama mkwe na mkwe hawakai kiti kimoja, hawali mahali pamoja, wala hawasemezani uso kwa uso. Salamu hupitia kwa mke. Sasa huyu mkwe, Respicius, wala hakuwa Mgogo. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, afisa wa kompyuta katika ofisi moja ya serikali mjini. Siku ya mahari aliorodheshewa mambo hayo akayaandika kwenye daftari, na tangu hapo akayashika kuliko wenyewe. Mkwe wa Kigogo akikutana na mama mkwe sokoni huinamisha kichwa akapita pembeni, basi. Respicius siku moja aliruka mfereji wa maji machafu na suruali yake ya ofisini, akatua upande wa pili na kiatu kimoja. Paulina alikiona kisa hicho kwa macho yake, akakisimulia shambani wiki nzima, na kila akikisimulia alimpenda kidogo zaidi yule kijana.

Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa kwenye sebule ya nyumba hiyohiyo. Na kwenye kompyuta ndiko kulikokuwa na tovuti ya kikundi cha wanawake wa zabibu, wanawake kumi na wanane, mwenyekiti wao Paulina. Respicius aliwatengenezea bure mwanzoni mwa mwaka huo wa 2009, ili watafute wanunuzi wenyewe badala ya kumngoja dalali. Kule Makutupora ghala lao halikuwa na umeme, kwa hiyo kila Jumatano na Jumamosi mwenyekiti alikuja mjini kuitazama.

Mara ya kwanza aliporuhusiwa kuona ukurasa wa nyuma, ule ambao wenye tovuti huingia na wageni hawauoni, alichoka mara moja. Visanduku vilijaa skrini nzima, vya juu na vya chini, vyote Kizungu, kila kimoja na mishale yake. Alimwambia binti yake, Frida, kwamba hiyo si kompyuta, hiyo ni stendi ya mabasi, kila mtu anakuvuta kwake. Frida akayafikisha malalamiko kwa mume wake kama mila inavyotaka.

Respicius akafanya kazi ambayo hakuna aliyemlipa. Alfajiri moja alikaa akakiondoa kisanduku kimoja baada ya kingine, akavisogeza, akaandika vichwa vipya kwa Kiswahili. Jumatano iliyofuata Paulina alifungua akakuta visanduku vitatu tu, vikubwa, vimekaa kwa nafasi. Kimoja cha kuwekea picha za shamba. Kimoja kilichohesabu watu waliotembelea tovuti siku hiyo. Na juu kabisa, kimoja kisichokuwa na kazi yoyote ila maneno mawili: Shikamoo mama.

Paulina aliyatazama maneno yale muda mrefu. Halafu akasema "Marahaba," kwa sauti, akiiambia mashine. Frida alicheka mpaka akamwaga mchele aliokuwa anauchagua.

*

Mwezi Machi zabibu ziliiva, na zabibu haina subira. Ikishaiva una wiki mbili, zikizidi sana tatu, halafu nyuki na ndege wanakumalizia. Paulina alikuwa amewaomba wenzake wasimuuzie Silvano, dalali aliyewanunulia miaka yote kwa bei aliyoipanga mwenyewe akiwa amekaa kwenye pikipiki. Ngojeni, aliwaambia. Tovuti italeta mtu.

Walingoja. Wiki ya kwanza ikaisha, ya pili ikafika katikati, na tovuti haikuleta hata mbuzi.

Siku ya Jumanne Silvano alikuja shambani. Hakushuka kwenye pikipiki. Alichuma kishada cha Paulina bila kuomba, akala punje tatu, nyingine akazitemea chini, akauliza kama ile kompyuta ya mama mwenyekiti inakula zabibu, maana naona ndiyo pekee inayozisubiri. Wanawake wawili watatu walicheka. Hicho ndicho kilichomuuma Paulina, kwamba walicheka wa kwake. Silvano akasema mwaka jana alitoa mia tano kwa kilo, leo anatoa mia nne, na Alhamisi asubuhi atakuja na makreti. Atakayekuwa hajaamua siku hiyo atapewa mia tatu na hamsini akitaka asitake.

Alipoondoka, mama mmoja aitwaye Bupe, aliyeolewa huko akitokea Mbeya na ambaye hakuwahi kumung'unya maneno, alimwambia mwenyekiti waziwazi kwamba kesho ni Jumatano. Nenda mjini kwenye mashine yako. Ukirudi mikono mitupu, keshokutwa tunauza kwa Silvano, na uenyekiti tutautazama upya. Wengine walikuwa wanaangalia chini. Paulina alijibu kwamba ni haki yao. Alilala na kuamka na maneno hayo.

*

Jumatano hiyo viatu havikuwepo barazani, na visingekuwepo, kwa sababu Respicius alikuwa Singida kwenye semina ya siku kumi. Paulina aliingia moja kwa moja bila hata kupita kwa Mama Joha. Hakuvua khanga ya kichwani. Akakaa, Frida akachomeka modemu, ukurasa ukafunguka polepole.

Shikamoo mama.

"Marahaba," akasema, safari hii bila furaha.

Akatazama kisanduku cha wageni. Kiliandika: leo wamepita watu thelathini na mmoja. Jumamosi walikuwa ishirini na wanne. Akaegemea kiti, akafumba macho, Frida akadhani mama yake anaumwa.

"Frida," akasema, "watu thelathini na mmoja wamepita kwenye kaya yangu, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi?"

Frida alimweleza kwamba kwenye mtandao ndivyo ilivyo, watu wanachungulia tu na kuondoka. Paulina akakataa. Alisema mtu anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mlevi, anaweza kuwa ametumwa kukusanya kodi, lakini hapiti uani kwa watu akatazama zabibu zao akaondoka bila salamu. Mmoja, sawa. Wawili, sawa. Thelathini na mmoja wote wamekosa malezi? Hapana. Hodi zimebishwa. Akataka aambiwe zinaingilia wapi.

Frida akafikiri, akakumbuka. Mwanzoni, kabla mume wake hajavipanga upya, kulikuwa na kisanduku cha maoni ya wasomaji. Watu waliandika chini ya picha, na maneno yao yalisubiri pale mpaka mwenye tovuti ayaruhusu. Sasa hakipo. Akachukua simu akatoka uani kumpigia Respicius, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wazi, Paulina alisikia upande mmoja wa mazungumzo, na upande mmoja ulitosha.

Frida aliuliza kisanduku cha maoni kimekwenda wapi. Akanyamaza. Akauliza umekificha kwa nini. Akanyamaza zaidi. Akasema ndiyo, yupo, yuko hapa ndani. Akasema, huwezi kusema maana yake nini, mimi si mke wako? Kisha akapunguza sauti, lakini Frida tangu utotoni hajui kupunguza sauti.

"Yaani unataka nisikifungue mbele ya mama? Respi, kuna nini humo?"

Paulina aliyasikia hayo na moyo ukamshuka. Kumbe kuna kitu kimefichwa, na aliyefichwa ni yeye. Kijana aliyeruka mfereji kwa heshima! Akawaza mambo mabaya, na mabaya huja haraka. Labda wanunuzi waliandika siku nyingi na mkwe anawajua. Labda anajuana na Silvano. Labda hata hiyo shikamoo ya kila Jumatano ilikuwa ya kumpumbaza mtu mzima. Machozi yalimlenga, na alikasirika kwamba yanamlenga kwa sababu ya kompyuta.

Frida kule nje alikuwa ameanza kugomba sasa, amesahau na vocha inaisha. Anamuuliza mumewe kama anajua mama yake halali usingizi, kama anajua kesho wanamvua uenyekiti mbele ya dalali.

Paulina akashika mausi.

*

Juu ya skrini, upande wa kulia, kulikuwa na kipande kidogo chenye mshale, ambacho Frida alimwambia tangu mwanzo asikiguse kwa sababu ndicho mumewe anachotumia kuvipanga visanduku. Miezi miwili hakukigusa. Leo alikibonyeza.

Ikashuka orodha. Kila mstari na kijumba chake kidogo, vingine vina tiki, vingine havina. Yeye Kizungu hakusoma hata neno, lakini alihesabu: vyenye tiki vitatu, na visanduku vyake ni vitatu. Visivyo na tiki sita. Mtu aliyeweka alama kwenye makreti miaka ishirini hahitaji kuelezwa zaidi. Akavitia tiki vyote sita, kimoja kimoja, akisema moyoni kama wageni ni sita basi waingie wote, nitawajua humuhumu ndani.

Visanduku vikajitokeza chini, kimoja baada ya kingine, stendi ya mabasi ikarudi. Akapitia cha kwanza, Kizungu. Cha pili, Kizungu. Cha tatu kilikuwa na majina ya watu, na chini ya kila jina maneno. Kizungu. Kizungu. Kizungu tena, chenye namba na alama za mshangao. Akashuka. Kizungu. Akashuka. Halafu, katikati ya wageni wote wale, akaona neno analolijua.

Shikamooni wakina mama. Mimi naitwa Ludovick, nasindika juisi hapa Morogoro. Nimeziona picha za zabibu zenu, ni safi. Nahitaji tani nane, mia saba kwa kilo, nafuata mwenyewe. Namba mliyoweka haipatikani. Nipigieni hapa.

Ilikuwa ya Alhamisi iliyopita. Namba iliyokuwa kwenye tovuti ilikuwa ya katibu wao wa zamani, aliyeibiwa simu mnadani Msalato akanunua laini nyingine, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Paulina akapandisha juu kidogo, na jina lilelile lilikuwepo tena, la Jumatatu.

Wakina mama, bado nawasubiri. Nikikosa jibu mpaka Jumatano jioni itabidi nichukue kwa madalali.

Jumatano ilikuwa leo, na saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro. Paulina hakupiga kelele. Alisimama, akaenda dirishani, akamwambia binti yake amkatie mume wake alete simu.

*

Ludovick alipokea mlio wa pili. Alikuwa mtu mchangamfu wa maneno mengi, na Paulina alilazimika kumjibu salamu za watoto, mashamba, mvua na hali ya hewa ya Dodoma kabla hawajafika kwenye zabibu. Alisema alikuwa ameshaanza kuulizia watu wa kule, na ametajiwa jina la dalali mmoja mwenye pikipiki.

"Huyo muache," Paulina akasema. "Huyo anatema."

Wakakubaliana. Bei ileile aliyoiandika, fedha mkononi shambani, lori lifike Alhamisi saa nne. Paulina alirudia kila kitu mara mbili, halafu akamtaka Ludovick naye arudie. Ndipo akakata simu.

Frida alimkumbatia mama yake, akalia, akacheka, akaomba samahani kwa niaba ya mume ambaye kosa lake bado hakulijua. Lakini Paulina hakuwa amemaliza. Furaha ilikuwepo, tena nyingi, ila ule mwiba ulikuwa bado. Akamrudisha binti yake mbele ya skrini.

"Nisomee hivi vingine vya Kizungu. Nataka kujua mkwe wangu alinificha nini."

Frida aliinama akasoma wa kwanza. Akasoma wa pili. Akaweka mkono mdomoni. Wa tatu hakuufikisha mwisho, akakaa sakafuni, akacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, mpaka Paulina akaanza kuudhika.

"Yanasemaje?"

"Dawa, mama. Wanauza dawa."

"Dawa ya nini?"

Frida akatazama dari. "Za wanaume. Wale ambao... zimewaishia nguvu. Mama, usiniulize zaidi, yameandikwa wazi mno."

Hapo ndipo Paulina alipoielewa habari yote, kama mtu aliyevuliwa gunia kichwani. Watu wasio na haya huko duniani walikuwa wanatupa matangazo yao machafu kwenye kila tovuti, na kila asubuhi yalitua kwenye kisanduku cha maoni. Respicius aliyaona. Akawaza mama mkwe wake, mwanamke asiyeweza hata kula mbele yake, amekaa sebuleni kwake anasoma mambo ya kitandani kwenye skrini aliyoipanga yeye kwa mikono yake. Angekimbilia wapi na aibu hiyo? Hakuna mfereji wa kuruka. Akakificha kisanduku, akaazimia kukisoma mwenyewe kila jioni, atoe takataka, amletee mama salamu njema tu. Alifanya hivyo mwezi mzima. Halafu ikaja ile safari ya Singida ghafla, akasahau.

Na mke wake alipompigia amuulize kwa nini, angesemaje, na mama yuko dirishani?

"Maskini mwanangu," Paulina akasema, na hakuwa anamsema Frida. Akacheka yeye sasa. Alicheka hadi khanga ya kichwani ikaanguka, na Mama Joha akatokeza mlangoni kuuliza kuna nini, naye alipoambiwa akakaa sakafuni pamoja na wenzake. Wanawake watatu wazima, saa sita mchana, hakuna aliyekumbuka kubandika maharage.

Walipotulia, Paulina alivuta kiti. Kimojawapo cha vile visanduku sita kilikuwa na nafasi nyeupe ya kuandikia. Alisema kuna neno anataka kumwachia mkwe, na safari hii halipitii kwa Frida. Akaandika kwa kidole kimoja, robo saa nzima. Chini kulikuwa na vitufe viwili. Hakujua kimoja ni cha kuhifadhi na kingine ni cha kuchapisha tovutini, mbele ya dunia. Akachagua kile chenye rangi nzuri.

*

Alhamisi saa nne kasorobo lori la Morogoro liliingia Makutupora likiwa limewasha taa mchana kweupe, na Ludovick amening'inia mlangoni anapunga mkono kama mgombea. Silvano alikuwa ameshafika na makreti yake. Safari hii alishuka kwenye pikipiki. Aliuliza bei, akaambiwa, akauliza tena. Bupe ndiye aliyemletea kishada kimoja kwenye sahani, kimeoshwa, akamkaribisha ale na asitemee chini kwa sababu wana wageni. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akampigia vigelegele yeye wa kwanza, maana ndiye aliyekuwa na deni kubwa kuliko wote. Walichuma na kupakia hadi alasiri wakiimba. Paulina aliimba vibaya kuliko wengine na hakuna aliyemkataza.

Siku hiyohiyo, Singida, semina ilipumzika chakula cha mchana. Respicius hakula. Alikuwa hajalala vizuri tangu jana. Mkewe alimkatia simu katikati ya ugomvi, na baadaye akamtumia ujumbe wa neno moja tu: Nakupenda, bila maelezo, jambo lililomtia hofu zaidi. Alikwenda kwenye mgahawa wa intaneti jirani na ukumbi, akiongozana na mwenzake wa ofisini, Athuman, aliyetaka kusoma habari za mpira. Akafungua tovuti ya kikundi kwanza kwa mbele, kama mgeni yeyote, aangalie uharibifu.

Juu kabisa, juu ya picha za zabibu, kwa herufi kubwa, mbele ya watu wote wanaopita, palikuwa na maneno haya:

Marahaba mwanangu. Nimekiona ulichokificha. Zabibu zimeuzwa. Asante kwa kunistahi. Ila mimi Kizungu sisomi.

Respicius alihisi joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Kizungu hasomi. Alijua, bila shaka alijua, amekuwa akiandika vichwa vyote kwa Kiswahili kwa sababu hiyohiyo. Mwezi mzima amekaa kila jioni kumkinga mama wa watu dhidi ya maneno ambayo asingeyaelewa hata yangebandikwa mlangoni kwake. Akaingia ukurasa wa nyuma haraka, akalitafuta tangazo lile, mshale ukafika kwenye neno la kufuta.

Hapo akasita. Akasoma tena mstari wa kwanza. Miaka miwili ya ndoa alikuwa amemwamkia mama huyu kupitia kwa mke, kupitia kwa majirani, kupitia ukuta, na mwisho kupitia kisanduku, na jibu lilirudi kwa njia zilezile, limepoa. Hili lilikuwa la kwanza kumjia yeye mwenyewe, moja kwa moja. Macho yake yaliloa, naye hakuyaficha.

Athuman aliacha mpira, akasogeza kichwa, akasoma. Akauliza hayo maneno ni ya nani, na yamefikaje kwenye tovuti ya zabibu, na kwa nini hayafutwi.

"Ni mama mkwe wangu," Respicius alisema, akiuondoa mkono kwenye mausi. "Ameitikia."